Barua kwa mwanangu: cherehani chako kisigeuzwe duka

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako, nawe umfikishie mkwe wangu. Huku hatujambo, muhogo umeshaanikwa, na ziwa limetulia baada ya upepo mkali wa juma lililopita. Shangazi yako alipita hapa akitokea Mwanza, akatuonyesha picha ya gauni la kitenge ulilojishonea, kisha akaniomba nikushawishi ukodi fremu hapo Buhongwa uanze kushonea watu, kwa kuwa anaona ni hasara mikono kama hiyo kukaa bila kuingiza fedha. Amesema hayo kwa mapenzi. Hata hivyo mimi nina mawazo tofauti, na nimeona niyaandike badala ya kupiga simu, ili wewe na mwenzio myasome pamoja na kuyazungumza kwa nafasi.

Ninachokuomba ni kwamba usiugeuze ushonaji wako kuwa biashara kwa sababu tu watu wanakusifu.

Nimeshonea watu tangu kabla hujazaliwa, na cherehani ndicho kilichowasomesha wewe na wadogo zako, kwa hiyo siidharau kazi hiyo hata kidogo. Ninaiheshimu kiasi cha kutaka uifahamu ilivyo. Fundi hachagui kitambaa, hachagui mtindo, wala hachagui siku. Krismasi inapokaribia, na vivyo hivyo Ramadhani inapoelekea ukingoni, wateja huleta vitambaa dakika za mwisho, kila mmoja akitaka nguo yake iwe tayari mkesha wa sikukuu, na Januari, kabla hujapumua, zinafuata sare za shule, sketi za marinda za rangi ileile tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Mteja aliyenenepa baada ya kupimwa atasema umekosea wewe, na mwenye deni atabadilisha njia asipite mbele ya kibaraza chako. Hayo yote huvumiliwa na mtu ambaye chakula cha wanawe kinatoka humo. Wewe una mshahara wako wa zahanati, na mwenzio ana wake wa ualimu. Si mikubwa, lakini kodi ya nyumba inalipwa na jikoni hamkosi kitu. Unaporudi kutoka zamu ukiwa umechoshwa na maumivu ya watu, kisha ukakaa mbele ya kitambaa ulichokichagua mwenyewe, unafanya jambo ambalo halina mkubwa wa kukusimamia na halisubiriwi na mtu mlangoni. Ningependa ubaki nalo.

Ninasema hivyo kwa sababu niliona kwa macho yangu nilipokuja kukaa nanyi wakati wa masika. Mna meza moja tu, ile ya kulia chakula, na kila jioni ilikuwa lazima mpatane: upande huu madaftari ya wanafunzi wake, upande ule gazeti la zamani ulilolichorea mkono wa gauni. Nilikuona ukifumua bega kwa ncha ya wembe, uzi baada ya uzi, bila haraka, naye akaacha kusahihisha ili akushikie kitambaa kisivutike. Mlipomaliza mlikuwa mmekwisha kuzungumza habari za kodi, za mama yake anayeumwa miguu, na za kiwanja mnachotamani kununua Usagara, mambo ambayo katika nyumba nyingi huzungumzwa kwa kufokeana. Siamini kwamba mngeyazungumza kwa utulivu ule kama bega lile lingekuwa la mteja anayekuja kesho yake saa mbili asubuhi.

Sasa nikueleze lile linaloweza kuwagombanisha, nalo ni fedha ya vitambaa. Anayeshona kwa kupenda hununua kuliko anavyoshona. Hilo nimeliona kwa wengi. Kaeni mwanzoni mwa mwezi, baada ya kutenga kodi, chakula, umeme na ile ya kiwanja, mkubaliane kiasi cha kitambaa na uzi, na yeye naye awe na kiasi chake cha mambo anayoyapenda, ambacho wewe hutamhoji. Kiasi kikiisha, subiri mwezi ujao. Usifiche kitenge chini ya mashuka kabatini ukidhani hatakiona, kwa maana siku atakapokiona hatakasirikia bei yake, atakasirikia kufichwa. Napendelea pia ununue kipande kizima cha yadi 6, ambacho ni karibu mita 5 na nusu, kwa kuwa kwa mwili wako kinatosha gauni na kubaki shati la mikono mifupi la mwenzio, nanyi mkienda kanisani au harusini mmependeza kwa sare bila gharama ya pili.

Ukiwa Makoroboi kununua vitambaa, usikubali kila unaloambiwa. Pamba ya Usukuma, ambayo mbegu zake zimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi pale Ukiriguru, kwa sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa imefungwa marobota, na vitenge vinavyorudi kuuzwa mjini kwetu hutoka viwanda vya kila namna, vingi vikiwa vimechanganywa poliesta. Geuza kitambaa uangalie upande wa ndani: kile cha nta halisi kina rangi iliyokolea pande zote mbili, na kilichochapwa upande mmoja tu huwa kimefifia nyuma. Kisha chomoa uzi mmoja ukingoni na uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake hupukutika ukiyasugua kwa vidole. Uzi wa poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, ambacho usikiguse kabla hakijapoa. Kitambaa cha poliesta si kibaya kwa sketi ya kukaa nayo ofisini, lakini kwa joto la Mwanza la mchana, hasa kwa mtu anayepanda daladala kutoka Buhongwa hadi mjini, gauni lake litakushika mgongoni kabla hujafika Mkuyuni.

Ukishahakikisha ni pamba, kiloweke, kifue na kukianika kabla hujagusa mkasi, kwa sababu pamba mpya hujikunyata ikikutana na maji, na afadhali ijikunyate ikiwa bado kitambaa kuliko ikiwa gauni lenye zipu. Tia sindano namba 14 kwa kitenge, na ibadilishe mara inapoanza kutoa mlio wa kudonoa. Kila unapomaliza mshono, upige pasi kabla hujashona mwingine unaoukatiza. Wanaoanza huiona hatua hii kuwa ya kupoteza muda, lakini mimi nguo nyingi nilizoletewa kurekebisha nimezikuta zimeshonwa sawasawa, ila hazikupigwa pasi njiani, na zikawa zinakaa mwilini kama zimeazimwa.

Kuhusu ndugu, jiandae. Mtu akishaona gauni zuri ataleta kitambaa, na akishaleta kitambaa amekupa deni. Atakayetoka upande wetu umjibu wewe, na atakayetoka upande wa mwenzio ajibiwe na mwenzio, ili asije mtu akasema mke amemzuia ndugu. Neno la kusema ni jepesi na la heshima: kwamba unashona nguo zenu za nyumbani tu, na kwamba uko tayari kumpeleka kwa fundi mzuri unayemfahamu. Mafundi wa hapo mjini ni watu wenye ujuzi na familia, nao wanastahili kupewa kazi hiyo kwa malipo yake. Zawadi ni jambo tofauti kabisa. Ukitaka kumshonea mama mkwe gauni pana la kumpunguzia taabu ya miguu, au nguo ya mtoto mchanga wa jirani, mshonee kwa moyo wote, maadamu wazo limetoka kwako na hakuna tarehe uliyopangiwa.

Shangazi yako nimeshamwambia kwamba neno la mwisho ni lenu wawili, naye amenielewa ingawa hakufurahi. Ikitokea siku mnahitaji kipato hicho kweli, ujuzi hauozi. Mtafungua mkiwa na daftari la hesabu, bei zilizobandikwa ukutani na leseni, na mimi nitakuja kukaa nawe mwezi mzima kukufundisha namna ya kuzungumza na wateja. Lakini iwe ni uamuzi wenu wenyewe.

Umeniandikia pia kwamba mwenzio ameomba umfundishe kushona, na kwamba hujui kama ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Mfundishe. Vibaraza vya mjini vimejaa mafundi wanaume, na kwa baba wa nyumba kujua kupinda suruali yake mwenyewe si aibu kwa yeyote. Ila usimpe kola wala shingo ya gauni kwa kuanzia. Mpe kwanza karatasi yenye mistari ashone bila uzi hadi miguu yake iuzoee mwendo wa kanyagio, kisha mpe foronya, yenye mishono ya kunyooka tu, naye akikosea mwache afumue mwenyewe.

Mimi mama yako