Barua kwenu mnaoimba Kisumu: kazi ya mchana haiui sauti

Watoto wangu mnaoimba hapa Kisumu, nyinyi wa bendi za hoteli Milimani na Dunga, nyinyi wa kwaya za Kondele na Nyalenda, na nyinyi mnaoitwa kila wikendi kwa harusi na matanga, hamjambo.

Habari zenu zinanifikia. Nasikia wengi mnasema mnaacha kuimba kabisa juu muziki haulipi, na wengine wenu mko na kazi, huyu yuko kwa duka la M-Pesa, huyu saluni, huyu ofisi za kaunti, na hiyo kazi mnaificha ati watu wakijua hawatakuona msanii. Na nikimwambia mtu aanze kufundisha watoto kuimba, ananiangalia kama nimemwambia astaafu. Inaniuma, manake kati yenu kuna sauti ambazo mji huu hautazipata tena mkinyamaza. Kwa hivyo leo nitaongea kwa kirefu, mnivumilie.

Kuna mama alifariki New York tarehe 11 Agosti 2025 akiwa na miaka 96, anaitwa Sheila Jordan, mwimbaji wa jazi. Wengi wenu hamjawahi kumsikia na sishangai, redio zetu hazimpigi. Alizaliwa Detroit mwaka wa 1928, akalelewa na babu na nyanya yake huko Pennsylvania kwa kamji ka wachimba makaa ya mawe, umaskini wa kweli si wa kuhadithiwa. Akarudi Detroit msichana, akasikia saksofoni ya Charlie Parker kwa ile mashine ya kuweka sarafu inacheza sahani, na maisha yake yakageuka hapo hapo. Yeye mzungu, wenzake wa muziki watu weusi, na polisi wa Detroit walimsumbua sana kwa sababu hiyo, lakini hakuwaacha marafiki zake. Mwanzo wa miaka ya 50 akahamia New York, akaolewa na Duke Jordan aliyekuwa akipiga piano kwa bendi ya Parker, ndoa ikavunjika, akabaki kulea binti yake peke yake.

Mwaka wa 1962 akarekodi albamu yake ya kwanza na Blue Note, kampuni ambayo wakati huo ilikuwa ya wapiga ala, waimbaji karibu haikuwashika kabisa. Sasa hapo wewe ungesema nimefika, si ndio? Albamu yake ya pili ilikuja baada ya zaidi ya miaka 10! Na katikati hapo alikuwa wapi? Alikuwa ofisini anapiga taipu, sekretari kwa kampuni ya matangazo ya biashara. Mchana taipu, usiku anaimba kwa klabu ndogo za Greenwich Village, asubuhi mtoto anahitaji uji na mama anahitaji kuwahi kazini. Hiyo kazi ya ofisi hakuiacha mpaka alipofika miaka 58. Soma tena, 58. Na mwaka wa 2012 serikali ya Marekani ikampa heshima yao kubwa kabisa ya jazi, NEA Jazz Master, huyo huyo sekretari.

Nawaambia hii si kwa kuwatuliza ati siku moja na nyinyi mtapewa tuzo. Nataka muone ile mshahara ilimnunulia. Ilimnunulia nguvu ya kukataa. Mtu ambaye kodi ya nyumba imelipwa hawezi kulazimishwa kuimba upuzi. Yeye alipenda kuimba na besi peke yake, ile ala ya nyuzi ya sauti nzito, hakuna piano, hakuna ngoma, sauti na besi basi, na mwaka wa 1977 akarekodi albamu nzima hivyo na mpiga besi Arild Andersen wa Norway. Nani angempa pesa ya chakula kwa wazo kama hilo? Hakuna. Na bado aliingia kila mahali, aliimba bibop, ile jazi ya mbio ya kina Parker, akaimba ile jazi huru isiyo na barabara na mpiga tromboni Roswell Rudd, akawa kwenye kazi za watunzi wa jazi George Russell na Carla Bley, anaimba hata hadithi ya maisha yake anaitunga papo hapo stejini. Hivyo ndio mtu anakuwa wa kila aina. Nyinyi mnasema mnaimba kila aina na ukweli ni kwamba mnaimba kile mwenye hoteli ametaka Ijumaa, kisha kile mwenye matanga ametaka Jumamosi, wenyewe hamjachagua hata wimbo mmoja tangu mwaka uanze.

Jaribuni hiyo kitu ya besi. Mwambieni mpiga gitaa ya solo apumzike, ngoma zinyamaze, chukueni wimbo mnaoujua vizuri kabisa mwimbe na besi tu. Mtashtuka. Besi inakupa doh, hiyo mi na soh lazima uzibebe mwenyewe kichwani, na kama umekuwa ukijificha nyuma ya kinanda utajulikana ubeti wa kwanza. Nikipata mwimbaji anayevuka hapo bila kuteleza, huyo simuulizi cheti.

Sasa kufundisha. Huyu mama alianza kufundisha City College pale New York mwaka wa 1978, wakati shule zilizokuwa na masomo ya kuimba jazi zilikuwa za kuhesabu, akaendelea kwa miaka mingi sana, na hakuacha kuimba, alikuwa stejini akiwa amepita miaka 90. Kwa hivyo hii fikira ati anayefundisha ni yule ameshindwa kuimba, tafadhali iondoeni vichwani. Ukifundisha ndio unajua unachofanya. Mtoto akikuuliza mbona sauti yangu inakatika nikipanda, huwezi kumjibu “sikiliza mimi,” lazima ujue kinachofanyika kooni.

Na hapo ndio nawaona mnakosea kila siku. Mnameza mayai mabichi kabla ya shoo. Yai linapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, yai halizigusi hata kidogo! Maji vilevile, hayazimwagikii moja kwa moja, mwili mzima unapata maji kwanza ndio nyuzi zinapata, kwa hivyo chupa ya dakika ya mwisho nyuma ya steji imechelewa, kunywa toka asubuhi, na kwa joto la Kisumu kunywa zaidi. Zile nyuzi ni nyama ndogo mbili, ukiimba nota ya la, ile ya 440, zinagusana mara 440 kwa sekunde moja. Fikiria matanga ya usiku kucha, vumbi, jenereta inanguruma, huna spika ya kujisikia, unapiga kelele bila kujua. Daini spika ya kujisikia kabla ya kudai soda. Ukipoteza sauti usinong'one, nyamaza kabisa, kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo vilevile. Kupasha sauti joto, chukua mrija wa soda, vuma ndani yake polepole kutoka chini kwenda juu, dakika chache tu, utasikia tofauti. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, wacha dawa za kuambiwa, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Pombe nitaitaja mara moja. Kuna wenye klabu wanawalipa nusu pesa nusu bia, na mnakubali. Sheila Jordan alipigana na pombe na kokeni, akaacha akiwa mtu mzima, na hakuona haya kulisema. Chukueni pesa, bia muwaachie.

Kuhusu aibu, hapa kwetu tu, Ayub Ogada aliyefariki Nyahera mwaka wa 2019, London alikuwa akipiga nyatiti, ile ala yetu ya nyuzi ya Waluo, kwa stesheni za treni za chini ya ardhi, watu wanapita na mabegi yao, na ni hapo hapo alisikika na dunia ikamjua. Nyatiti haikupunguka thamani kwa kupigiwa ngazini.

Na kazi ya kufundisha iko, msiniambie haiko. Kila mwaka shule zinajiandaa kwa Kenya Music Festival na walimu wakuu wanatafuta mtu wa kunoa kwaya, wengine wanalia kabisa hawapati. Makanisa yana watoto wa Sunday school hawana mwalimu. Anayetaka kusoma zaidi, Maseno wanafundisha muziki, ni hapo tu karibu. Lakini mkipata watoto msiwaimbishe kama watu wazima, sauti ya mtoto wa miaka 9 haisukumwi ijaze kanisa, na kijana anayevunja sauti mwacheni aimbe pale anapofika, msimcheke mbele ya wenzake, wengi hunyamaza maisha yote kwa kicheko kimoja. Bei pataneni kabla, kwa saa, muiandike, hata kama ni kanisa lenu.

Anayetaka kuanza na hajui ashike wapi, aje Jumamosi saa nane mchana kwa mazoezi ya kwaya ya watoto, akae nyuma aone venye tunapasha sauti na venye tunagawa alto na soprano, halafu wiki inayofuata nimpe kikundi chake. Mko na kazi Jumamosi? Basi Jumapili baada ya ibada ya pili nitakuwa hapo mpaka saa kumi.

Ni mimi mwalimu wenu wa kwaya.