SHA: Tuonyesheni futi mnayotupimia

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi. Nashona sare za shule, kanzu, na madera wakati wa Idd. Sina mwajiri wala hati ya mshahara, kwa hiyo nilipojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii tunayoiita SHA, sikuulizwa napata pesa ngapi. Niliulizwa paa.

Paa ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu je, choo cha aina gani, maji mnateka wapi, mnapikia nini, mna mifugo mingapi. Nilijibu kwa ukweli. Mwisho wa maswali nikaambiwa natakiwa kulipa shilingi 610 kwa mwezi. Na hata hiyo “kwa mwezi” ni maneno tu, kwa sababu sisi tusioajiriwa tunatakiwa kutoa za mwaka mzima kwa mkupuo: 7,320. Enzi za NHIF, bima ya taifa iliyotangulia SHA, nilikuwa nalipa 500, tena mwezi kwa mwezi. Baadaye ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao kwa hakika ni mkopo. Yaani nikope ili niwe na bima.

Sheria inasema mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na usipungue shilingi 300. Basi nikachukua kalamu nikaigeuza hesabu. Ili asilimia 2.75 iwe 610, lazima niwe napata zaidi ya shilingi 22,000 kila mwezi. Januari shule zikifunguliwa, naam, huenda nikazipata. Wiki za kabla ya Idd, pia. Lakini masika yakianza, wageni wameondoka na hoteli zimepunguza watu, cherehani hukaa imefunikwa kitambaa na mimi hukaa barazani. Mashine iliyonikadiria haina masika.

Nadhani kilichoniponza ni mabati. Yeyote aliyetunga swali lile la paa alidhani mabati ni ya mwenye nacho na makuti ni ya maskini. Angekuja Malindi tungemweleza. Makuti yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na mtu asiye na pesa ya kurudia rudia huchanga akaweka mabati mara moja, akalivumilia joto lake. Walioezeka makuti mazuri, mazito, yaliyopangwa kama nywele za bibi harusi, ni Wataliano wenye majumba ya ufukweni. Kwa kipimo cha paa, jirani yangu Mtaliano ni fukara na mimi ndiye tajiri.

Nilimuuliza kijana aliyekuwa akisajili watu: swali lipi limenipandisha? Akasema hajui, sistimu ndiyo inayojua. Nikauliza kwenye ofisi ya wadi, nikaambiwa hayo ni ya Nairobi. Sasa mimi kazi yangu ni kupima watu. Mteja huiona futi yangu, huona ninapoishikilia, na nikikosea kiuno ataniambia papo hapo. Serikali imenipima kwa futi iliyofichwa nyuma ya mgongo, kisha ikanitajia bei.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaoandika katika ukurasa huu wakisema shida ya SHA ni sistimu kulala, au hospitali kucheleweshewa malipo. Hayo yapo na yanauma. Lakini sistimu huweza kutengenezwa. Swali langu ni nani mwenye mamlaka ya kulibadilisha lile swali la paa, na mimi mpiga kura nitamfikiaje.

Tukumbushane. Sheria za afya zilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 12, 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema tatu kati yake, ya Bima ya Afya ya Jamii, ya Afya ya Msingi na ya Afya ya Kidijitali, zilipitishwa bila wananchi kushirikishwa vya kutosha, nao wakalipatia Bunge siku 120 kurekebisha. Kulikuwa hata na kifungu kilichotaka mtu aonyeshe amejisajili na amelipa ndipo ahudumiwe katika ofisi za umma. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba mosi SHA ikaanza kazi nchi nzima. Mwezi Juni wa mwaka huohuo vijana wetu walikuwa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakiwa nao ndani ya simu zao, kifungu kwa kifungu. Hizi za afya zilitupita kimya, na ndizo zinazonikata sasa.

Watu husema kuchukua maoni ya wananchi ni kupoteza muda na soda. Mimi naona kungeokoa swali moja la paa, angalau.

Halafu kuna mkataba. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iliyotoka Machi 2025, ilisema sistimu inayoendesha SHA imegharimu shilingi bilioni 104.8, haikupitia zabuni ya ushindani, na serikali si mmiliki wake. Imetolewa kwa muungano wa kampuni unaoongozwa na Safaricom, pamoja na Apeiro na Konvergenz. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, muungano huo unapata asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai yanayolipwa hospitali. Katika 7,320 yangu, 183 si za daktari wala za dawa. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wazi na wa ushindani. Mkataba ni wa miaka 10: uchaguzi wa 2027 utapita, wa 2032 utapita, na aliyeshika mashine ni yuleyule.

Serikali imejibu kwamba haitoi pesa mbele, inalipia huduma kadiri inavyotumika. Sawa. Na rafiki yangu mmoja mwenye duka la vitambaa huniambia, “Fundi, bora Safaricom kuliko wale wa NHIF waliotuibia.” Ana haki ya kusema hivyo, NHIF haikuwa malaika. Wala mimi sichukii kampuni kupewa kazi ikalipwa. Ninachouliza ni kwa nini kazi ikiisha, sistimu yenye habari za magonjwa yetu isibaki kuwa yetu. Tulishaonja hili mwaka 2015, kaunti zilipoletewa mashine za hospitali za kukodi. Kila kaunti ikakatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye zikawa milioni 200, na kuna mashine zilizokaa bila umeme wala mtaalamu. Magavana walikuwa wakilipia kitu ambacho wao wenyewe walilalamika hawajaona mkataba wake.

Sitaki nionekane napinga bima. Kwenye zahanati ya karibu nasi sasa mke wangu hupimwa presha bila kulipa, na hiyo ni kheri kubwa. Ila alipopelekwa kituo cha juu zaidi, ambacho sitakitaja, nambari ya siri ya kumthibitisha ilitumwa kwa laini aliyosajiliwa nayo, ambayo ni ya binti yetu aliyeko kazini Dammam, Saudi Arabia. Huko ilikuwa saa za kazi na simu yake iko kwa mwajiri wake. Mke wangu akangoja hadi magharibi. Sasa wameleta alama za vidole. Nani aliamua, lini, na baada ya kumuuliza nani, sijui.

Nimeshatuma barua kwa SHA kuomba vitu viwili: kanuni iliyonifikisha 610, swali kwa swali na uzito wake, na nakala ya mkataba wa sistimu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Naomba mafundi wenzangu, wavuvi, kina mama wa samaki na watu wa bodaboda nao waandike, kila mmoja na kiasi alichopangiwa, aulize kimetoka wapi. Wabunge wetu wa Kilifi wakitaka nakala ya barua yangu, ipo dukani. Nikijibiwa, au siku hizo zikipita kimya, nitawaandikia tena.

Fundi cherehani,
Malindi, Kaunti ya Kilifi