Wito wa Harambee: Katriji Tupu kwa Bima ya Afya ya Wazee Wetu

Kwa waumini wote wa kanisa letu hapa Kisauni, pamoja na majirani, wafanyabiashara na wakuu wa ofisi wanaotutakia mema.

Kamati ya huduma za jamii inawasalimu katika jina la Bwana na kuwaomba mshiriki harambee ambayo, kwa wengi wenu, haitagusa mfuko. Tunakusanya katriji za printa zilizokwisha wino au tona (wino wa unga), tuziuze kwa wanaozikarabati, na fedha zitakazopatikana ziwalipie wazee wetu mchango wa bima ya afya wa mwaka mzima.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, kaya isiyo na ajira rasmi hupimwa uwezo wake kisha hupangiwa mchango, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukitajiwa kwa mwezi utaona ni kidogo, lakini mchango huo hutakiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, shilingi 3,600, na mama mjane anayeuza viazi karai jioni kando ya barabara hawezi kuzitoa zote kwa mara moja bila kula mtaji wake. Wazee wetu wengi wamekwisha kujiandikisha, na kwenye zahanati wanatibiwa bila malipo. Taabu huanza daktari anapoandika kwamba mgonjwa alazwe, kwa sababu huduma hiyo humtaka mwanachama awe amelipa. Hapo ndipo jamaa huanza kuchangishana, na ndipo simu ya mchungaji huita usiku. Tungependa kulipa kabla ya simu hiyo.

Kwenye orodha yetu mna kaya 40 zilizopangiwa kiwango cha chini, kwa hiyo tunahitaji shilingi 144,000. Wale ambao serikali inawalipia hawamo.

Tumechagua katriji kwa kuwa wengi wa waumini wetu hufanya kazi mahali panapochapishwa karatasi kutwa: kwa mawakala wa kuondoa mizigo bandarini, kwa mawakili, shuleni, na kwenye saiba. Katriji ya aina ya 85A, mojawapo ya zinazotumika sana katika ofisi ndogo, huchapisha takriban kurasa 1,600, kisha huvuliwa na kuachwa chini ya meza hadi siku ya usafi. Kilichokwisha ni unga wa tona tu. Ganda lake la plastiki na chuma lingali zima. Mkarabati hulifungua, hulisafisha, hubadilisha ngoma (silinda yake inayong'aa) na vipande vilivyochakaa, hujaza tona mpya na kuirudisha katriji sokoni, na ndiyo maana ganda zuri lina mnunuzi. Lisipopata mnunuzi huishia jaa la Mwakirunge pamoja na taka nyingine za mji, kama lilivyokuwa likiishia Kibarani, ukingoni mwa bahari, kabla jaa lile halijafungwa.

Tunawasihi sana mchague mnacholeta, kwa maana kamati haina nia ya kugeuza ofisi ya kanisa kuwa jaa dogo. Inayotafutwa na wanunuzi ni katriji halisi ya kampuni iliyotengeneza printa, ambayo haijawahi kujazwa tena hata mara moja. Ile ya kuigiza, ambayo huuzwa kwa bei nafuu na haina nembo ya kampuni ya printa, kwa kawaida hainunuliwi. Kwa printa za wino wa maji, tazama chini ya katriji: ikiwa ina kibao cha shaba na kichwa chenye matundu ya kutolea wino, ilete, ikiwa ni kijisanduku cha plastiki kitupu kisicho na kichwa, hatutapata kitu. Wenye printa za tangi, zinazojazwa kwa chupa, wametuzidi akili kidogo, maana hawana katriji ya kutupa. Tutawapokea kwenye bakuli la fedha.

Katriji ya tona iwekwe ndani ya mfuko mweusi uliotoka na ile mpya, kisha ndani ya sanduku lake. Usiiguse ngoma, ile silinda ya kijani au buluu inayong'aa, wala usiiache juani, kwani mwanga na mikwaruzo huiharibu. Unga ukimwagika, ufute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Maji ya moto hayafai, maana tona ni plastiki iliyosagwa, nayo hushika karatasi kwa kuyeyushwa na joto. Ukiifulia kwa maji ya moto itashika shati vivyo hivyo.

Jambo la idhini halina mjadala. Katriji tupu ya ofisi ni mali ya ofisi. Omba ruhusa kwa mkuu wako, na ukitaka barua ya kamati ya kumwonyesha, karani wa kanisa atakuandikia. Walio katika ofisi za serikali wasichukue chochote kabla ya kuuliza, kwa kuwa mali ya umma huondolewa kwa utaratibu wa sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015. Na kwa sababu wako matapeli wanaotafuta masanduku halisi ili wauze tona bandia, masanduku yote tutayachana mara tu mzigo utakapochukuliwa, na tutauza kwa mnunuzi mwenye leseni ya kushughulikia taka za kielektroniki peke yake.

Hatudhani kwamba katriji zitatimiza 144,000 zote. Bei hutegemea aina, na nyingine tutaambiwa hazina thamani. Kwa hiyo tunaomba pia fedha taslimu. Anayeweza kulipia kaya moja kwa mwaka alete shilingi 3,600, na anayeweza mwezi mmoja alete 300, naye mwekahazina atamwandikia stakabadhi.

Katriji zitapokelewa katika ofisi ya kanisa kila Jumapili baada ya ibada, hadi Jumapili ya mwisho ya Novemba. Wenye mzigo mkubwa wamjulishe karani mapema, ili vijana waje na mkokoteni. Hesabu za mauzo na risiti za SHA za kila kaya zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, bila majina ya wazee.