Ukumbi wa orkestra usichaguliwe kwa wingi wa viti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi ni dogo, lakini sisi tunaopiga vyombo vya nyuzi katika jiji hili linatusumbua mwaka hadi mwaka, nalo ni ukumbi wa kufanyia mazoezi na maonyesho. Kila inapotajwa haja ya ukumbi wa muziki Dar es Salaam, huulizwa unaingiza watu wangapi, kama una maegesho ya kutosha, na kama viyoyozi vinafanya kazi. Ni maswali ya haki. Ila sijawahi kumsikia mtu akiuliza fidla isiyo na maikrofoni itasikikaje kwa aliyekaa kiti cha mwisho.

Mwaka juzi kikundi chetu cha watu 24 kilikodi ukumbi wa sherehe. Mazoezi tulikuwa tumeyafanya kwa miezi miwili katika darasa la shule lenye sakafu ya saruji na kuta tupu, ambamo kila noti iliturudia kwa nguvu. Siku ya onyesho tuliruhusiwa kuingia saa moja tu kabla ya wageni, kwa kuwa mpambaji wa harusi ya kesho yake alikuwa bado anafunga vitambaa. Nilipovuta upinde wa chelo, yaani fidla kubwa ya sauti nzito, kwa mara ya kwanza nilidhani chombo kimepasuka, maana sauti ilitoka ikafia miguuni pangu. Chini palikuwa na zulia zito, ukutani mapazia ya velveti na vitambaa vya harusi, na juu dari la jipsamu ambalo mtu akipanda mezani analigusa. Fundi mitambo alituonea huruma akatuletea maikrofoni nne, na tangu hapo wageni walisikiliza spika usiku kucha. Mwenye ukumbi simlaumu, kwani aliujenga kwa ajili ya harusi, na kwa harusi unafaa sana. Kosa lilikuwa letu sisi tuliouchagua kwa kuhesabu viti.

Sayansi ya jambo hili si ngeni. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Wallace Sabine, alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka. Usiku, kukiwa kimya, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaiingiza humo kidogo kidogo huku akipima sauti inachukua sekunde ngapi kutoweka. Aligundua kwamba mvumo wa chumba, yaani muda ambao sauti hubaki ikisikika, huongezeka kadiri nafasi yake ya hewa inavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri vitu laini vinavyozidi, wakiwemo wasikilizaji wenyewe. Ukumbi wa orkestra wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kufuata hesabu zake, na mpaka leo unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora duniani. Ni mwembamba, mrefu na wenye dari la juu, kama sanduku la viatu.

Hotuba inataka mvumo mfupi, kama sekunde moja hivi, ili neno lisimezwe na linalofuata. Orkestra inataka karibu sekunde mbili, ili noti za vyombo mbalimbali zipate kuungana. Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba tatizo letu lilimalizwa na Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kilichofunguliwa mwaka 2013. Ni jengo la heshima, lakini kama jina lake linavyosema, ni la mikutano. Makanisa yetu ya zamani ya mjini, Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yana mawe na kimo cha kuipendezesha kwaya, ila muziki wa mwendo wa kasi hupata shida katika majengo ya aina hiyo, na zaidi ya hayo ni nyumba za ibada zenye ratiba zake.

Kipimo kimoja kinachotumiwa na wataalamu ni kwamba kila msikilizaji apate takriban mita 10 za ujazo. Kwa hiyo ukumbi wa watu 400 wenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 27 unahitaji dari la mita 10. Ukishusha dari hadi mita tatu ili kuokoa umeme wa viyoyozi, kama inavyofanyika katika kumbi nyingi hapa mjini, kila mtu anabakiwa na mita tatu za ujazo, na hakuna ufundi wa mpigaji utakaofidia pengo hilo. Kwa maoni yangu ni bora jiji lipate ukumbi wa watu 400 wenye kimo hicho kuliko wa watu 2,000 unaotegemea spika.

Linaloniuma zaidi ni kukosa mazoezi ndani ya ukumbi wenyewe wa onyesho. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Katika jukwaa la mita 17, mlio wa mwenzangu aliye upande wa pili unanifikia umechelewa kwa sehemu moja ya 20 ya sekunde. Jambo hilo hulizoei kwa saa moja. Vyombo navyo ni mbao na gundi: ukivitoa kwenye joto la unyevu la darasani ukaviingiza kwenye baridi kavu ya kiyoyozi, vigingi vya kukazia nyuzi vinalegea na nyuzi zinatoka kwenye sauti yake kabla kondakta hajainua mkono. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1905, kina jumba lake la klabu ambamo fidla na ganuni hukutana. Sisi wa Dar es Salaam tunahama na vishikio vyetu vya nota kwenye bajaji.

Ombi langu kwa wenye kumbi na kwa wanaopanga majengo mapya ni moja. Kabla ukumbi haujaitwa wa muziki, waalikwe wapiga vyombo wapige humo bila maikrofoni, kwanza ukiwa mtupu na kisha ukiwa na watu, na viyoyozi vikiwa vimewashwa. Ukishakubalika, Jumatatu na Jumanne, siku ambazo harusi ni chache, milango ifunguliwe kwa mazoezi kwa bei ambayo kikundi cha wanafunzi na watumishi wanaochangishana kinaweza kuimudu.

Mpiga chelo,
Upanga, Dar es Salaam