Barua ya wazi kwa wahadhiri waliotia saini

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaofundisha vyuoni hapa Moshi na kule Arusha. Wengi wenu mnanifahamu. Utumishi wangu wote niliufanya masijala ya chuo. Sikuwahi kufundisha. Nilifungua mafaili, niliandika mihtasari ya vikao, na nilipeleka barua za kutakiwa kujieleza kwa watu wenye elimu kubwa kuliko yangu, nikawaona mikono ikiwatetemeka wakifungua bahasha. Nimestaafu, lakini mambo ya vyuo hayajatoka moyoni mwangu, na mlilolifanya mwezi uliopita limeninyima usingizi.

Mwenzenu alisimama kwenye kongamano hapa mjini akasema kihamba cha Mchagga, yaani shamba la ukoo la kurithi, kimegawanywa kwa kurithishana mpaka hakilishi tena familia. Kwamba viunganishwe, vilimwe kwa pamoja, na makaburi yahamishiwe sehemu moja nje ya mashamba. Alizungumza karibu saa nzima. Kilichosambaa ni klipu isiyofika dakika moja, imekatwa pale pale pa makaburi, na mtu ameandika juu yake kwamba profesa anataka kufukua wazee wetu. Kufika jioni ilikuwa imeingia kwenye makundi ya koo, ya kwaya, ya vikoba, mpaka ya wazazi wa shule za awali. Watu wakatukana. Hilo sikulishangaa, maana ukigusa kaburi la mtu mlimani umegusa kila kitu.

Nilichoshangaa ni ninyi. Mlikuwamo ukumbini. Mlisikia hotuba yote, na wengine mlipiga makofi. Wiki ile ile mkakaa mkaandika barua kwa makamu mkuu wa chuo kuomba "hatua kali za kinidhamu" kwa sababu mwenzenu "ameleta taharuki katika jamii na kuchafua taswira ya chuo". Nakala nimeiona. Kuna saini za watu ambao mafaili yao niliyafungua kwa mkono huu, walipokuja kuripoti kama wahadhiri wasaidizi, vyeti vyao viko kwenye bahasha ya kaki.

Niseme wazi nilipo. Baba na mama yangu wamelala kihambani, Kibosho, katikati ya migomba. Maneno ya huyu bwana yaliniuma, na sikubaliani naye. Nadhani hajapima kwamba kaburi kwetu ni shahidi wa ardhi. Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake, asiye na hati wala barua ya kijiji, mara nyingi anachoweza kuonyesha baraza ni pale alipozikwa mumewe. Ukihamisha makaburi, huyo mama anabaki na nini? Hilo ni swali ambalo profesa angetoka jasho kulijibu. Kati yenu nyote, hakuna aliyemuuliza. Mna shahada za ardhi, za sheria, za ushirika, za maendeleo ya jamii, na jibu mlilopata kwa pamoja ni kuomba mwenzenu aadhibiwe.

Naona hamjui barua kama ile inakwendaje, kwa hiyo nitawaeleza. Inafika ofisi ya makamu mkuu. Anaandika pembeni, "Tafadhali shughulikia." Inashuka utumishi. Inapigwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya faili, inaingia kwenye faili binafsi la mtu. Anaandikiwa kujieleza. Anajieleza. Kamati inakaa, na mara nyingi inamwonya tu kwa maandishi, watu wanapeana mikono na kusema yamekwisha. Hayajakwisha. Ile folio haitoki. Ukifika wakati wa kuongeza mkataba, au kupandishwa cheo, au kupata ruhusa ya masomo, faili linaletwa mezani na wa kwanza kulifungua anakutana nayo.

Namkumbuka mmoja, chuo sikitaji. Alisema hadharani kwamba wanafunzi wanadahiliwa wengi kuliko madarasa na walimu waliopo, na alichosema kilikuwa kweli, kila mtu alikiona. Hakuadhibiwa kwa kauli hiyo. Miaka ikapita, siku moja akaitwa kamati ya nidhamu kwa kuchelewesha matokeo ya mitihani. Alikuwa amechelewesha kweli. Karibu nusu ya idara walikuwa wamechelewesha pia, na hakuna mwingine aliyeitwa. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao kile. Neno "udahili" halimo hata mara moja. Lakini mle chumbani kila aliyeketi alijua tumekuja kwa ajili ya nini, na mwenyewe alijua, na mkataba wake haukuongezwa. Alikuwa mwalimu mzuri sana. Wanafunzi walikuwa wakibanana madirishani kumsikiliza.

Msidhani ni tabia ya Kiafrika. Marekani, Chuo Kikuu cha Colorado, kulikuwa na profesa aitwaye Ward Churchill. Mwaka 2001 aliandika makala yenye maneno makatili juu ya watu waliouawa New York Septemba 11. Makala ililala mpaka 2005, ndipo kelele zikalipuka nchi nzima. Chuo hakikumfukuza kwa makala. Kilichunguza maandishi yake mengine, kikakuta makosa ya kitaaluma, kikamfukuza mwaka 2007. Akaenda mahakamani, na 2009 wazee wa baraza, raia wa kawaida wanaoamua kesi kule, wakakubali kwamba bila ile makala asingefukuzwa, wakampa fidia ya dola moja. Baadaye majaji wakakipa chuo ushindi. Mimi maneno ya Churchill siyatetei. Nataka mwone njia yenyewe: mtu anachukiwa kwa kauli yake, halafu anatafutiwa kosa lingine, na likitafutwa vya kutosha hupatikana. Nani kati yenu faili lake halina kosa? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima mlichochimba ninyi kina nafasi ya idara nzima.

Mtaniuliza, kwani mama unataka profesa aseme lolote? La. Mipaka ipo, na mmoja nataka niukazie, kwa sababu ndio mnaousahau kabisa mnapokimbilia "taswira ya chuo".

Mpaka huo ni mwanafunzi. Mwalimu wa chuo ana kalamu nyekundu. Akitoka kwenye redio akasema kabila fulani vichwa vyao vizito, au wasichana hawawezi hesabu, kesho yake asubuhi anaingia darasani ambamo mtoto wa kabila hilo amekaa, na jioni anasahihisha karatasi yake. Huyo mtoto akipata D, atajuaje imetoka wapi? Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikutana na jambo hili kwa profesa wa sheria, Amy Wax, aliyesema hadharani kwamba wanafunzi weusi ni nadra kufanya vizuri katika shule yao ya sheria. Mwaka 2018 mkuu wa shule alimwondoa kwenye masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza. Mzozo uliendelea miaka mingi, na 2024 akapewa adhabu ya kusimamishwa mwaka mmoja kwa nusu mshahara. Adhabu hiyo wengine waliiona kubwa, wengine ndogo. Ila kile kitendo cha kwanza mimi nakielewa. Mtoto asilazimike kusahihishwa na mtu aliyekwisha kumhukumu. Niliwahi kuletewa na msichana barua ya kuomba kuhama kozi, machozi yakidondokea kwenye karatasi mpaka wino ukachuja, kwa sababu ya maneno ambayo mwalimu wake alidhani ni utani. Wanangu, kama mnataka kuandika barua za kulalamika, andikeni za namna hiyo. Hizo hazikuwahi kujaa masijala yangu, na sababu haikuwa kukosekana kwa visa.

Sasa mtu aliyesema vihamba viunganishwe, ni mwanafunzi gani amemhukumu?

Mipaka mingine nitaitaja tu. Usiseme kwa niaba ya chuo kama hukutumwa. Usitoe takwimu usiyoweza kuonyesha chanzo chake. Usitumie uprofesa wako wa jambo moja kujifanya bingwa wa jambo jingine. Siri ya kikao cha mitihani ibaki kikaoni. Usichochee watu wamdhuru mtu. Mengi ya haya wenzenu wa Marekani waliyaandika tangu 1940, kwamba mwalimu akisema kama raia asiadhibiwe na chuo chake, lakini naye awe mkweli, ajizuie, aheshimu maoni ya wengine, na aonyeshe kwamba hakisemei chuo. Na hapa kwetu, Aprili 1990, wanataaluma wa vyuo vya juu walikutana wakatoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Novemba mwaka huo huo likafuata la Kampala. Baadhi ya waliolipigania lile la kwanza wangali hai, wamestaafu kama mimi. Waliosaini ile barua yenu, wangapi wamewahi kulisoma?

Wa Arusha ninyi mna aibu zaidi, kwa kuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mlangoni kwenu. Tarehe 5 Desemba 2014 mahakama hiyo iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa mwaka mmoja kwa kumwandika mwendesha mashtaka. Majaji walisema kumfunga mtu kwa kashfa kunavunja haki yake ya kujieleza, na kwamba kifungo kibaki kwa mambo mazito sana kama kuchochea chuki au vurugu. Watu waliotoka mbali walikuja kutafuta haki hiyo kwenye mahakama yetu, na sisi tulio nayo karibu tunaandikiana barua za nidhamu kwa sababu ya makaburi.

Najua mtanijibu kwamba huku nje kugumu. Nakubali. Tuna Ibara ya 18 ya Katiba inayompa kila mtu uhuru wa maoni, na tuna Ibara ya 30 inayouwekea mipaka, na tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ambayo imewafanya watu waogope hata simu zao. Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi juu ya rais. Mahakama Kuu ilifuta hukumu Februari 2020, lakini alikuwa ameshakaa ndani zaidi ya mwaka. Lugha yake mimi kama mama siipendi hata kidogo. Jela kwa lugha hiyo siipendi zaidi.

Na jamii yetu nayo ina lawama. Tunamtaka profesa awe pambo. Tunamwalika mgeni rasmi kwenye mahafali, tunampa joho na shada, asome hotuba tamu, ale pilau, aondoke. Siku akisema kitu kinachochoma tunauliza nani amemtuma. Wazee wa koo waliokasirika juzi, hakuna aliyekwenda kumwita aje akae nao kwenye pombe ya mbege waelezane. Wazazi wanauza kiwanja kumpeleka mtoto chuo akafunzwe na watu wanaofikiri, kisha wanataka watu hao wafukuzwe kwa kufikiri.

Na yeye mwenyewe nina neno naye. Mwanangu, ulikuwa na hoja, ila uliisema kwa dharau. Ulisema makaburi kana kwamba unasema mawe. Nenda kaseme tena mbele ya wazee, kwa Kiswahili cha adabu, ukiwa umekwisha kumsikiliza mjane mmoja au wawili. Usiombe radhi kwa hoja yako. Omba radhi kwa ule mcheko ulioutoa, maana hata mimi niliusikia kwenye klipu na ulinikata.

Ninyi mliotia saini, kamati haijakaa bado. Kuondoa saini ni barua fupi: tarehe, jina lako, kumbukumbu namba ya barua ya kwanza, na sentensi moja kwamba unaondoa jina lako na unaomba barua hii iwekwe kwenye faili lile lile. Msiipeleke kwa simu wala kwa kunong'ona korido, ipelekeni masijala, mkasubiri igongwe muhuri na mpewe nakala. Mkisha kufanya hivyo, kodini ukumbi ule ule, mwalikeni, mbisheni. Mnitaarifu siku; nitapanda daladala nije.

Mama yenu,
Mtunza masijala mstaafu, Moshi