Kina cha Nyumba ya Mungu nacho tutangaziwe

Ndugu Mhariri,

Mie nauza barafu za ukwaju na samaki wa kukaanga hapa Wete, na friza yangu ndiyo konde langu. Umeme ukikatika, mtaani kwetu lawama zote huenda Tanga, unakotokea umeme wetu. "Watu wa Tanga washafunga." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka Februari nilipokwenda Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro, kumtazama mtoto wa marehemu dada yangu aliyejifungua.

Boti hadi Tanga, kisha basi kutwa nzima. Tulipopita Same nikaona ajabu: kulia milima ya Upare, kushoto nyasi kavu tu, rangi ya mkeka uliochakaa, hadi macho yanachoka. Sisi wa Pemba tumezoea kilima, bonde, mkarafuu. Kule jicho halina pa kushika. Ng'ombe wanatimua vumbi, na mchungaji nyuma yao hana haraka.

Siku ya tatu mkwe wangu akasema, "Mama, twende Nyumba ya Mungu." Nikadhani ni kanisa, nikanyamaza kwa adabu. Kumbe ni bwawa! Tukaacha lami, tukapita vijiji vya wavuvi, ghafla maji yakatandaa katikati ya ukame. Nikauliza yanakupwa saa ngapi. Walicheka sana. Mzee mmoja mvuvi akanijibu, "Haya hayakupwi, mama. Haya yanakauka." Akanionyesha kigogo alichokuwa akifungia mtumbwi wake. Sasa ng'ombe wanalisha kukizunguka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bwawa lile lilijengwa miaka ya 1960 kuzuia maji ya mito Kikuletwa na Ruvu. Mtambo wake wenyewe wa umeme ni mdogo, megawati 8, lakini maji yakishatoka pale hayajamaliza kazi: yanashuka na Mto Pangani hadi mtambo wa Hale, megawati 21, kisha ule wa Maporomoko ya Pangani, megawati 68. Mitambo hiyo miwili ya mwisho imo mkoa wa Tanga, ambako tangu 2010 waya wa chini ya bahari unatuletea umeme hapa Pemba, Ras Mkumbuu. Kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta ya Wesha, na anayeyakumbuka hayatamani.

Najua mtaalamu ataniambia umeme wa gridi ya taifa ni mchanganyiko, mna gesi, na sasa mna bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Sawa. Sisemi kila kukatika kwa umeme Wete ni ukame wa Upareni. Mara nyingine ni mnazi umeangukia nguzo hapo Jadida. Lakini redio na magazeti yetu hututangazia mvua za Pemba, upepo wa baharini, hata bei ya karafuu. Basi kiangazi kikikaza, tutangazieni na kina cha maji cha mabwawa ya bara. Mwenye friza ajue mapema kama anunue samaki wa wiki au wa siku moja. Mie mwaka jana nilitupa pweza ndoo mbili.

Yule mzee alinipa perege wanne wa kubanika. Nyumbani wanangu wakaonja mmoja, wakasema ana ladha ya tope. Watatu wamo frizani bado.

Muuza barafu,
Wete, Pemba