Bei zimepanda tena, ukiona tundu la bluu rudisha hela mfukoni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kuna msomaji aliuliza hapa kwanini kadi za grafiki za kuchezea gemu zimepanda bei tena, ni ushuru au ni dola, na hapa ofisini kwetu watu wamebishana mpaka chai ikapoa, mi nikakaa kimya maana kwenye hili jambo nina aibu yangu ya mwaka 2021 ambayo hata mke wangu sijamwambia yote. Leo naisema.

Nianze na swali lake. Dola ina mchango wake ndio, ila safari hii kiini kiko mbali na sisi. Kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, kuna chipu kubwa moja inayopiga hesabu, na pembeni yake zimepangwa chipu za memori, na hizi memori wanaozitengeneza kwa wingi duniani ni kampuni tatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron. Sasa hao watatu wamepata wateja wapya, wale wenye majengo makubwa ya kompyuta za akili bandia, wananunua kwa mkupuo na hawaombi kupunguziwa, kwahiyo mitambo inageuzwa kuwahudumia wao. Desemba 2025 Micron wakatangaza kabisa kwamba wanaachana na kuwauzia watu wa kawaida memori zao za Crucial. Ni kama mkulima wa zabibu kule Hombolo akimpata mwenye kiwanda cha mvinyo anayebeba shamba zima kila msimu, wewe uliyezoea kununua kisado barabarani atakukumbuka saa ngapi?

Mwaka 2021 sababu zilikuwa nyingine. Korona ilivuruga viwanda na usafiri, alafu dunia nzima imejifungia ndani inataka kucheza gemu, na juu ya hapo wakaja wachimbaji wa Ethereum, yaani watu wanafunga kadi sita nane kwenye fremu moja zinakesha zinapiga hesabu ili wapate sarafu ya mtandaoni. Kadi ya RTX 3060 ya kampuni ya NVIDIA ilitoka Februari 2021 ikiwa imetangazwa dola 329, kwa hela ya wakati ule kama laki saba na nusu hivi, bei ambayo wengi wetu tuliishia kuisoma. Ilikuwa kama bei elekezi ya sukari mwanzoni mwa 2024, kwenye tangazo ipo, dukani haipo. Marekani kwenyewe kuna duka kubwa la mtandaoni lilikuwa linachezesha bahati nasibu, ukishinda hupewi kadi, unapewa ruhusa ya kuinunua! NVIDIA wakasema 3060 wameifunga breki ili ikichimba Ethereum iende nusu ya spidi, wachimbaji waiache, sawa, mwezi uliofuata haohao NVIDIA wakatoa draiva ya majaribio (ile programu ya kuendeshea kadi) ikaifungua ile breki kwa bahati mbaya. Nilicheka lakini sio kwa furaha.

Sasa mimi. Nina miaka 38, nafanya kazi ya ofisini hapa Dodoma, naishi Nkuhungu, nacheza gemu na sioni cha kuficha, wenzangu jioni wanaenda baa kuangalia mpira na hakuna anayewaandikia barua. Nilikuwa na kompyuta ya mtumba, zile ndogo nyeusi zilizotoka maofisini Ulaya, na ukiwa na mashine ya namna hiyo pawa saplai yake ni dhaifu kwahiyo unatafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada, inayokula umeme kupitia palepale ilipochomekwa. Ndo maana GTX 1050 Ti ilikuwa inatafutwa kama maji, ilitoka 2016 kwa dola 139 na watu tulidhani imeshastaafu, lakini uhaba wa 2021 ulivyobana NVIDIA wenyewe wakairudisha sokoni.

Nikaunganishwa na winga mmoja wa Kariakoo. Laki tano na nusu. Mke wangu akasema hela hiyo ni saruji ya msingi (tuna kiwanja Nala, na Dodoma hii ukiwa na kiwanja kila shilingi inapimwa kwa saruji), nikamwambia nitaitumia na kuediti video za harusi, uongo huo jamani, sijawahi kuediti hata send-off moja. Hela ikaenda kwa simu, mzigo ukapanda basi, nikaufuata stendi ya Nzuguni usiku nimeukumbatia kama mtoto.

Nafungua boksi, kadi ina tundu la waya wa pini sita. Ningejua ningeishia hapo. Nikampigia, akasema "bosi wangu hiyo ndo ile yenye nguvu zaidi", nikaamini, nikatafuta na pawa saplai nyingine. Na kwa nyuma kulikuwa na tundu la VGA, lile la bluu la skrini za zamani, nikafurahi kabisa maana skrini yangu ilikuwa ya zamani. Hapo ndo penyewe msomaji, shika hapa: 1050 Ti halisi haina VGA, kizazi chake chote hakitoi picha ya namna hiyo, kwahiyo ukiona lile tundu la bluu kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti usiulize swali la pili.

Nikawasha, kompyuta ikasoma jina vizuri kabisa, GTX 1050 Ti, memori GB 4. Nikaingia kwenye gemu, dakika mbili skrini nyeusi. Nikarudia, nyeusi. Siku tatu nahangaika na draiva mpaka rafiki yangu mmoja akaniambia shusha GPU-Z, ni kiprogramu kidogo cha bure kinachosoma kadi yenyewe badala ya kuamini jina ililojiandika. Kikaniandikia mwanzoni mwa jina kabisa kwamba ni feki. Kumbe ilikuwa GTX 550 Ti ya mwaka 2011, wamekwangua, wameflashi bayosi, ile programu ndogo ndani ya kadi inayotaja jina lake, kama wanavyoflashi simu, wakaipa jina jipya. Ya kweli ina kori 768, yaani vile vijisehemu vya ndani vinavyopiga hesabu, yangu 192. Memori ilikuwa GB 1, ndo maana gemu ikishavuka hapo inazima. Kumpigia winga, akaniambia umeme wa huko Dodoma ndo umeiua, alafu namba ikawa haipatikani mpaka leo.

Naandika haya kwasababu naona dalili zilezile. Bei zikipaa watu wanaacha kadi mpya wanakimbilia za mtumba, na zile feki huwa zinalala muda mrefu stoo zikisubiri msimu kama huu. Sisemi mtumba ni mbaya. Ninayotumia leo ni RX 580 ya GB 8, na sina shaka ilitoka kwa wachimbaji, kwasababu Septemba 15, 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo na kadi zikakosa kazi usiku mmoja, zikamwagwa sokoni dunia nzima. Kadi ya mchimbaji kinachochoka sana ni feni na ile pasta ya kupitisha joto, vyote vinabadilishika, na vumbi letu la Dodoma lenyewe linaua feni haraka kuliko mchimbaji yeyote. (Ila hata 580 ziko mbili, kuna moja ya soko la China yenye kori 2048 badala ya 2304, ni nzuri tu lakini isiuzwe kwa bei ya dada yake.)

Hiyo niliinunua kwa dogo mmoja wa Makole ambaye kabla sijatoa hata mia aliichomeka mezani kwake, akafungua GPU-Z mwenyewe, akaweka gemu nzito akaniambia kaa hapo bro nusu saa, ikichemka au ikizima unaondoka. Nilikaa. Joto likapanda likatulia, nikalipa, akaniandikia risiti yenye jina la kadi na namba yake ya kiwandani.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka ya kompyuta hapa mjini ni hilo alilofanya dogo, basi. Bei pandisheni, najua na nyie mnanunua ghali. Ila mkishabandika ukutani kile kibao cha bidhaa ikiuzwa hairudishwi, basi mtuachie nusu saa ya kuipima kabla ya kulipa. Duka lisilotaka kadi iwashwe mbele ya mteja, mi natoka. Na ndugu msomaji uliyeuliza, kama iliyopo kwenye kompyuta yako bado inacheza, icheze hivyohivyo, punguza ubora wa picha kwanza, msimu huu sio wetu.

Ile 550 Ti bado ninayo. Feni yake ilikuwa nzima, fundi kanifungia juu ya king'amuzi chetu kinachochemka, na mke wangu akiulizwa anasema hiyo ndo kazi pekee iliyowahi kufanya.

Mcheza gemu,
Nkuhungu, Dodoma